Kuachisha Ndama kwa Amri

Hakuna habari ya kuachisha ndama iliyowahi kusimuliwa vizuri kuliko hii. Ni kweli pia kwamba hakuna mtu mwingine aliyejisumbua kuisimulia, maana watu wana kazi zao. Lakini anayekimbia peke yake si naye anafika wa kwanza? Basi tuache wivu, tusikilize.

Palikuwa na shamba la mifugo. Ukisema hivyo, watu wanaanza kufikiria mageti ya chuma na magari ya kifahari. Wapunguze. Lilikuwa na zizi la mbao, nyumba ya vyumba vitatu, choo cha nje chenye paa zuri la bati, na eneo la malisho ambalo kiangazi kilikuwa kimelinyoa mpaka kwenye ngozi. Ng'ombe walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na ndama wake. Wenye shamba walikuwa watatu. Kwanza mwanamke aliyeitwa Mama Ndoo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona mkono wake wa kulia bila ndoo. Pili mumewe, Kamanda, ambaye zamani alilinda ghala la pamba na kuamrisha mbwa mmoja, na mbwa mwenyewe hakusikia. Tatu mama mzazi wa Kamanda, aliyeitwa Bibi na kila mtu, mwenye meno machache mdomoni lakini yote ya kung'ata.

Shida ya mwaka ule ilikuwa majani. Ng'ombe walikonda mpaka ukawa unaweza kutundika shati kwenye nyonga zao. Aliyekonda kuliko wote alikuwa Shangazi, ng'ombe mzee wa rangi ya chai, ambaye baba yake Mama Ndoo alimpa binti yake mkononi, akisema ni wake, si wa mumewe wala wa ukoo wa mumewe. Katika shamba lile lote, Shangazi ndiye kitu pekee ambacho Kamanda hakuwa na sauti juu yake. Ndama wa Shangazi alikuwa amekua sana, akitaka kunyonya anapiga magoti, na akimaliza mama yake anayumba kama mlevi.

Ndipo akaja Tajiri, mnunuzi wa ndama. Alifika Jumapili asubuhi, akateremsha mguu mmoja tu kutoka kwenye lori, mwingine akauacha ndani, kama mtu anayepima maji kabla ya kuoga.

"Ndama wazuri," akasema. "Ila wananyonya."

"Wananyonya kidogo tu," akasema Kamanda.

Wakati huohuo ndama wa Shangazi alikuwa chini ya mama yake, kichwa kimezama mpaka masikioni, mkia unazunguka kama feni.

"Huyo ndiye kidogo?" Tajiri akauliza. "Sikiliza, mzee. Mimi sichukui anayenyonya. Safari iliyopita nilipakia wanaonyonya, wakalia njia nzima. Dereva wangu akasimamisha lori sokoni, akashuka, akaenda kwao. Mpaka leo hajarudi. Jumamosi napita tena. Nikikuta wameachishwa, napakia wote, na Jumatatu yake nawaletea lori zima la majani makavu. Nikikuta hata mmoja ananyonya, sipakii yeyote."

Mama Ndoo akashika ndoo yake kwa mikono miwili. Alijua hesabu hiyo bila kuambiwa. Majani yakija, Shangazi atafika mvua. Yasipokuja, kuna Bwana Nyama, mchinjaji wa sokoni, ambaye siku hizi alikuwa akipita shambani kila mara, na akipita anamsalimia Shangazi kabla ya kusalimia watu.

"Jumamosi utawakuta wanajitegemea," akasema Kamanda. "Mimi nimelinda ghala. Hata kiwavi hakupita. Nitashindwa na ndama?"

"Viwavi walipita," akasema Bibi kutoka barazani. "Ndiyo maana ulifukuzwa."

"Nilistaafu, mama."

"Ulistaafu unakimbia. Nilikuona."

Lori lilipoondoka, Kamanda akawaita wanawake wake wawili, akasimama mbele yao, mikono nyuma. "Kazi hii inataka moyo mgumu," akasema. "Ndama atalia, mama yake atalia. Nyinyi mna huruma, mtakaa mbali. Sitaki kuona mtu anapeleka hata tone la maziwa kule. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa," akasema Mama Ndoo.

"Mimi sijaelewa," akasema Bibi, "ila endelea."

*

Jumatatu Kamanda akaligawa zizi kwa uzio wa mbao, akatoa filimbi mfukoni, akapuliza. Ng'ombe wote wakakimbilia upande ambao hakuutaka. Akapuliza tena, wakarudi na kumpita. Mwishowe Mama Ndoo akaweka filimbi ile ndani ya ndoo, akawavuta ndama mmoja mmoja kwa masikio, akawafungia upande wa pili. Kamanda akafunga mlango, akatangaza kwamba zoezi limekamilika.

Hata chai haijapoa, Shangazi akauchunguza uzio. Akatembea mpaka mwisho, akarudi, akasimama akifikiri. Kisha akageuka, akaanza kurudi nyuma polepole, kama lori linaloegeshwa, mpaka matako yakagusa mbao. Ndama wake akapenyeza mdomo katikati ya mbao mbili, akaidaka chuchu, na mambo yakaendelea kama kawaida. Ng'ombe wengine wakatazama. Muda si mrefu wote walikuwa wamejipanga matako kwa uzio, kama magari kwenye stendi.

"Mabati!" akapiga kelele Kamanda. "Leteni mabati tuzibe!"

"Mabati ya wapi?" akauliza Mama Ndoo. "Bati tulilo nalo ni la choo."

Kamanda hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Akapanda ngazi, akang'oa misumari, akavuta bati la kwanza. Kutoka chini ikasikika sauti tulivu kabisa.

"Mbona kumekucha mara ya pili?"

"Mama? Uko humo?"

"Nilikuwa humu. Sasa niko nje, ila sijatoka."

Uzio ukazibwa. Tangu siku hiyo Bibi akawa anaenda chooni na mwavuli, na kwa kuwa ukuta ulikuwa mfupi, aliyepita njiani aliona mwavuli mweusi umekaa peke yake juu ya tofali. Watu wenye adabu waliusalimia. Bibi, naye mwenye adabu, aliitikia.

*

Kilio kikaanza jioni ya Jumatatu na hakikukatika. Mama analia huku, mtoto anaitikia kule, bati katikati linatetemeka. Jumanne ng'ombe mmoja sauti ilimkauka, akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu, na huyo ndiye aliyetia uchungu kuliko wote.

Mwalimu wa shule ya jirani akaja akiwa na chaki sikioni.

"Kamanda, tusaidiane. Nauliza darasani saba mara nane ni ngapi, darasa zima linajibu 'mooo'. Kesho anakuja mkaguzi."

"Mwambie ni kwaya," akasema Kamanda.

"Kwaya ya nini?"

"Ya kuachisha ndama. Mwalimu, kazi ya nidhamu ina kelele zake. Wewe ukichapa mtoto halii?"

Mwalimu akaondoka akitikisa kichwa. Kamanda akaingia ndani, akachukua pamba, akaziba masikio. Kuanzia hapo akawa anaomba chumvi kwa vidole. Mama Ndoo alimwona macho mekundu.

"Unalia?" akamuuliza.

"Nini?"

"Nasema unalia?"

"Vumbi," akasema Kamanda. "Na kuanzia kesho doria ya alfajiri ni yangu. Mtu asisogee zizini kabla sijatoa taarifa."

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri Kamanda anatoka na koti lake refu, anachelewa huko, kisha anarudi na kutangaza mlangoni, "Hali shwari!" Na kweli, kufika Alhamisi hali ilikuwa shwari. Ndama waliacha kulia upande wao. Wakalala, wakacheua, wakawa na manyoya yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Mama Ndoo aliwatazama akashangaa. Wanapewa majani makavu ya kuokoteza na maji, na bado wananenepa. Alianza kufikiri kwamba labda mumewe alikuwa mtu wa maana, na yeye ndiye hakumjua. Wazo hilo lilimsumbua siku nzima.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa maziwa. Alitegemea kwamba ndama wakitengwa, ng'ombe watajaza ndoo, naye atawapelekea wenye hoteli ya sokoni. Lakini kila asubuhi akikaa chini ya Shangazi, kiwele kimelegea kama mfuko uliotolewa vitu. Anakamua, anakamua, inatoka kiasi cha kulowesha sakafu ya ndoo.

"Nyoka," akasema Kamanda alipoonyeshwa.

"Nyoka gani anakunywa ndoo nzima?"

"Mkubwa."

"Na ng'ombe wote?"

"Basi ni nyoka na familia yake. Mimi ndiye ninayepiga doria, mimi ndiye ninayejua."

Mama Ndoo hakuridhika. Na asubuhi hiyohiyo alipokuja barazani akamkuta Bibi ana mstari mweupe juu ya mdomo.

"Mama," akasema taratibu, "umekunywa nini?"

"Maziwa. Kikombe kimoja, kutoka kwenye ndoo yako mwenyewe, mbele ya macho ya Mungu na kuku."

"Kimoja?"

Bibi akaweka kikombe chini. "We mtoto, unataka kusema nini? Sema."

"Nasema maziwa yanapotea kila siku. Shangazi wangu anakauka, Bwana Nyama anazunguka hapa kama inzi, halafu nakuta mtu ana masharubu ya maziwa. Nifikiri nini?"

"Ndoo nzima za ng'ombe wote mimi nitaziweka wapi? Mgongoni? Mwanangu, unamsikia mkeo? Ananiita mwizi. Mimi niliyekuzaa, mwizi!"

Kamanda alikuwa anakula uji. Aliyasikia yote, kwa maana pamba ilikuwa imeshatolewa tangu alfajiri. Akatazama uji. Akatazama kijiko. Kisha, taratibu kabisa, akatoa pamba mfukoni, akaziba sikio la kulia, akaziba la kushoto, akaendelea kula.

Bibi hakusema tena na mkwewe. Alichukua kiti chake na mchi wa kutwangia, akahamia karibu na uzio kumsubiri nyoka, na akiwa na neno la kumfikishia Mama Ndoo alilipitisha kwa ng'ombe. "Shangazi," alisema kwa sauti ya kufika jikoni, "mwambie mke wa mwanangu kwamba mwizi anaomba uji. Mwambie asitie sukari, wezi hawastahili." Mama Ndoo alimletea uji wenye sukari nyingi, akauweka chini, akasimama pale akishindwa kuomba radhi na kushindwa kuondoka. Bibi aliunywa wote, akimtazama Shangazi.

*

Ijumaa mchana alikuja Bwana Nyama, safi, amenyoa, na kamba mkononi.

"Nimepita tu kumjulia hali," akasema, akamzunguka Shangazi, akampima kifua kwa kamba, akaminya mgongo. "Maskini. Mifupa mizuri, lakini."

"Ondoa mkono," akasema Mama Ndoo.

"Dada, usinichukie. Kesho Tajiri asipopakia, jioni nakuja mimi. Mumeo nimeshaongea naye."

"Mume wangu hana ng'ombe anayeitwa Shangazi."

"Aa, mambo ya mume na mke siyaingilii. Lakini kiangazi hakiulizi ng'ombe ni wa nani." Akatabasamu. "Nimenunua kisu kipya kabisa."

Ndoo ya Mama Ndoo ilikuwa na maji ya kudekia. Jinsi yalivyotoka ndani ya ndoo yakafika kwenye shati la Bwana Nyama, Mama Ndoo mwenyewe alisema baadaye kwamba mkono uliteleza. Bwana Nyama akaondoka akikamua mikono ya shati.

"Shangazi," akasema Bibi kutoka kwenye kiti chake, "mwambie mke wa mwanangu kwamba hilo limenifurahisha."

Usiku huo Mama Ndoo hakulala. Si kwa kelele, kulikuwa kimya. Ni kimya chenyewe kilichomtisha.

*

Jumamosi Tajiri alishusha miguu yote miwili. Kamanda alikuwa amevaa koti lake refu na kusimama mbali, barazani kabisa, kama mtu aliyekuja kutazama tu.

"Njoo huku, mzee," Tajiri akamwita.

"Naona vizuri nikiwa hapa," akajibu Kamanda kwa kunong'ona, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Haya. Mama, fungua mlango wa uzio. Nataka kuona."

Mama Ndoo akafungua. Komeo likagonga ndoo. Ng'ombe wakaingia upande wa ndama. Shangazi akaenda moja kwa moja kwa mwanawe, akamnusa. Ndama akanyanyua kichwa, akamnusa mama yake puani kama jirani anayesalimiana na jirani, akaondoka zake kwenda kung'ata majani makavu. Wengine hivyohivyo. Hakuna aliyepiga goti, hakuna aliyegusa kiwele.

Tajiri akavua kofia. "Miaka yote ya kazi hii," akasema, "sijaona kitu kama hiki. Siku chache tu! Nani ameachisha hawa?"

Hapo ndipo Kamanda alipoponzwa. Angekaa kimya barazani, habari ingeishia hapo na sisi tungekosa la kusema. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyekuwa amevua kofia kwa ajili yake. Kifua kikafura, miguu ikamtoa barazani, ikamfikisha katikati ya zizi.

"Ni mimi!" akasema kwa sauti yake yote. "Ni nidhamu tu, mzee. Tangu Jumatatu hawajaonja hata tone."

Masikio ya ndama yakasimama.

Kwanza mmoja aligeuka, kisha wote. Wakaacha majani, wakaja mbio, mikia juu, wakamzingira. Wa Shangazi akameza vidole vya mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, au karibu. Mwingine akashika pindo la koti akalinyonya kwa bidii, povu likimtoka. Wa tatu akapita nyuma, akampiga kichwa katikati ya miguu, vile ndama anavyompiga mama yake maziwa yakichelewa kushuka. Kamanda aliruka, akatua palepale, akapigwa tena.

Kulisikika kunyonya tu.

"Mzee," akasema Tajiri, "hawa wananyonya."

"Hapana. Wananiheshimu."

"Wanakunyonya wewe."

"Ni chumvi ya mkononi. Mimi nina jasho la chumvi. Ukoo wetu wote, muulize mama."

Bibi alikuwa amesimama, mchi begani. "Usinitie mimi," akasema. "Mimi ni mwizi, siwezi kuaminika."

Mama Ndoo akamtazama mumewe, akalitazama lile koti, akamtazama Bibi, akasikia damu inampanda mpaka kwenye nywele. Lakini Tajiri alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Nilisema nikikuta hata mmoja ananyonya, sipakii."

Na mbali kule njiani, shati jipya jeupe lilikuwa linakuja taratibu, na kamba mkononi.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Ndoo. Akaweka ndoo chini, na hapo hata Kamanda akajua mambo si mchezo. "Ulisema wasinyonye. Wasinyonye nani? Unanunua ndama wa ng'ombe au wa mtu? Wote hapa umewaona na mama zao. Kuna aliyenyonya ng'ombe?"

"Hakuna, lakini..."

"Kuna aliyelia?"

"Hajalia mtu. Lakini nikiwapakia wakamkosa huyu bwana, watalia kuliko wa kwanza. Na dereva wangu huyu ni mpya."

"Kwani nani kasema watamkosa?"

Tajiri akamtazama. Akamtazama Kamanda, ambaye sasa alikuwa amekaa chini kwa kukosa namna, ndama mmoja akimnyonya sikio. Mdomo wa Tajiri ukaanza kutetemeka. Akajaribu kukohoa, akashindwa, akacheka mpaka akaikalia ile ndoo.

"Mama, utanipa na huyu?"

"Mchukue. Kwako kuna sehemu ya kulala?"

"Ipo, banda la majani."

"Analala popote. Wakishamsahau, mrudishe. Majani yangu Jumatatu?"

"Jumatatu, saa za asubuhi."

"Jamani!" akasema Kamanda. "Mimi nina kazi! Nina doria!"

"Doria utaipigia huko," akasema mkewe.

Upakiaji haukuchukua muda. Walimpandisha Kamanda kwanza, na ndama wakapanda wenyewe kwa kusukumana, jambo ambalo dereva mpya alisema hajawahi kuliona. Njiani, mwenye shati jeupe alisimama akatazama, akaelewa, akageuka. Mama Ndoo akamwendea Bibi, akapiga goti. "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Bibi alimtazama Shangazi kidogo, kwa mazoea, kisha akamgeukia mkwewe mwenyewe. "Inuka, utachafua kanga. Utanikorogea uji ule wa sukari nyingi, yaishe."

Juu ya lori Kamanda alisimama katikati ya ndama, ameshika chuma, koti limelowa mpaka kifuani. Alikuwa bado ana hasira.

"Nataka ieleweke," akatangaza, "kwamba mimi naondoka kwa kusingiziwa. Sijawahi kumpa ndama maziwa. Mtu mwenye ushahidi autoe!"

"Tumekusikia, mzee," akasema Tajiri akifunga mlango wa nyuma. "Hofu yangu ni moja tu, huko njiani. Wakianza kusumbua tufanyeje?"

"Aa, hawasumbui hawa," akasema Kamanda, akiinama juu ya mbao, sauti imelainika. "Wape ndoo mbili tu alfajiri, za uvuguvugu, zisiwe za baridi zinawaumiza tumbo. Huyu wa Shangazi mpe mwisho, ana pupa. Na ukiwaimbia kidogo ile ya..."

Akakirudisha kichwa nyuma ya mbao.

Dereva alizima injini, asije akakosa neno. Bibi akasogea mpaka kwenye gurudumu, mchi bado begani, akanyanyua uso.

"Ndoo ngapi, mwanangu?"

"Kwa mfano," akasema Kamanda.